Giaboksi ya manyuali kwa gari la zamani: pima mkono wa gia kabla hujalipa

Giaboksi niliyonunua ilikuwa nzima. Meno safi, beringi kimya, hakuna tone la oili lililovuja. Fundi aliifunga bila shida, na ilipofika zamu ya mkono wa gia ndipo tulipoona balaa: unachomoza sentimita 11 nyuma ya tundu la sakafuni. Tukakata bati, tukachomelea. Mpaka leo kila nikiingiza gia ya pili, vidole vinagonga hendibreki. Nikiwa mlimani na hendibreki iko juu, mkono hauna pa kupita.

Habari za nguvu ya giaboksi na ukubwa wa klachi utazipata kwa fundi yeyote. Hili la mkono wa gia hakuna aliyeniambia, na ndilo utakaloishi nalo kila siku.

Chukua futi. Kwenye gari, pima kutoka uso wa nyuma wa bloku ya injini hadi katikati ya tundu la mkono wa gia. Kwenye giaboksi, pima kutoka uso wa bel-hauzingi (ganda la mbele linalofunika klachi) unaokaa kwenye bloku hadi katikati ya mkono. Tofauti ikiwa sentimita moja au mbili, mkono unapindwa na maisha yanaendelea. Zaidi ya hapo ni kukata sakafu, na usirefushe mkono sana ili ukufikie, kwa sababu ukiurefusha na safari ya kila gia inarefuka. Gari lililokuwa la otomatiki lisikudanganye: tundu lake halikutobolewa kwa ajili ya giaboksi hii. Kaa kwenye kiti, nyoosha mkono kama unayeendesha, weka alama pale kiganja kinapofika, kisha pima.

Kwangu chaguo la kwanza ni giaboksi ya W58 ya Toyota, na sifichi kwamba naipenda. Ni spidi tano, imefungwa kwenye Supra na Soarer, hata Supra ya injini ya 2JZ-GE isiyo na tabo ilitoka nayo. Bel-hauzingi yake inafunguliwa kwa bolti, kwa hiyo unaweza kutafuta ya injini yako. Gia ya nne ni moja kwa moja (propela shafti inazunguka sawa na injini) na ya tano inapumzisha injini: ulipokuwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika unashuka karibu na 2,350. Ila W za magari tofauti zina mikia tofauti, na mkia, yaani ganda la nyuma la giaboksi, ndio unaopanga mkono utokee wapi. Pima hiyo hiyo utakayoichukua, si ya jirani.

Ya pili ni T-5 ya Borg-Warner, hasa kwa gari la Kimarekani. Faida yake kubwa ni hii hii ninayoipigia kelele: ya pikapu ya Chevrolet S-10 mkono umekaa mbele kuliko ya Ford Mustang, kwa hiyo una pa kuchagua.

R154, nayo ya Toyota, ni ngumu kweli, ilibeba Supra ya 7M-GTE na Chaser ya 1JZ-GTE, zote za tabo. Lakini kwa injini ya kawaida unalipia jina, na wauzaji wanalijua hilo. J160 ya Toyota Altezza ina spidi sita, ila ya tano ndiyo moja kwa moja, hivyo unabadilisha gia mara nyingi na gia ya kupumzisha injini inabaki moja tu. Anayetafuta rahisi na ana injini ndogo ya 4A ya Toyota, giaboksi ya T50 itamtosha.

Kinachoniuma ni namna zinavyouzwa. Giaboksi imewekwa bei, kumbe bel-hauzingi ni bei nyingine, mkono wa gia nyingine, uma wa klachi nyingine, na chuma cha kuishikilia chini ya gari kimeshauzwa kwa mtu mwingine. Ukiuliza kama itaingia unajibiwa "inaingia hiyo" kabla hujataja gari lako. Na propela shafti ya kukatwa na kubalansiwa hawaitaji kabisa. Siku hizi naomba picha moja tu: giaboksi imelala chini, futi imenyooshwa kutoka uso wa bel-hauzingi hadi kwenye mkono, namba zinasomeka. Yule aliyeniuzia ya kwanza nilimwomba picha hiyo ya nyingine aliyokuwa nayo. Akanijibu kwamba mteja makini hapimi, analipa.