Programu ya kalenda ya liturujia: Pasaka inaipata, Machi 25 inaikosa

Mimi ni msakristia, yaani mtu anayeandaa mavazi na vitabu vya Misa kanisani. Kalenda ndiyo inayoniambia nitoe kasula (vazi la juu la padri) ya rangi gani kabatini na vitabu nivifungue wapi, kwa hiyo programu hii ya simu nimeipima kwa macho ya kazi, wala si kwa uzuri wa picha zake.

Nilianza kwa kuirudisha hadi 2019, maana mwaka ule ni mtego. Kila mtu amefundishwa kwamba Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu Machi 21. Mwaka ule, kwa saa za dunia, jua lilifika mahali pa kulinganisha usiku na mchana Machi 20, na mwezi ukapevuka Machi 21. Programu inayotazama anga peke yake itakupa Pasaka ya Machi 24. Kanisa halihesabu hivyo. Linafuata majedwali yake, na kwenye majedwali mwezi ule ulipevuka Machi 20, siku moja kabla ya mpaka. Basi ukasubiriwa mwezi wa pili, wa Aprili 18, na Pasaka ikawa Aprili 21. Programu ilijibu Aprili 21. Hapo nikajua walioitengeneza wanaijua kanuni yenyewe, hawakubahatisha.

Kinachonifurahisha zaidi ni mnyororo. Ukigusa Pasaka ya mwaka wowote, siku zote zinazoitegemea zinajipanga chini yake: Jumatano ya Majivu siku 46 kabla, Kupaa kwa Bwana siku ya 40, Pentekoste siku ya 50, Utatu Mtakatifu Jumapili inayofuata Pentekoste, halafu Mwili na Damu ya Kristo, halafu Ijumaa ya Moyo Mtakatifu. Kuna maelezo mafupi kwamba ukiondoa Jumapili 6 kwenye zile siku 46 unabaki na 40 za mfungo. Vijana wa kipaimara huniuliza jambo hili kila Kwaresima, na sasa nawaonyesha tu. Sogeza hadi 2038 uone Pasaka imefika Aprili 25, tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana, na Majivu yamesukumwa hadi Machi 10. Ukiyaona hayo kwenye kioo kimoja, mwaka mzima wa Kanisa unaeleweka.

Sehemu ya Waorthodoksi nayo imefanywa kwa heshima. Mwaka 2025 sote tulisherehekea Aprili 20, lakini 2027 Pasaka yetu ni Machi 28 na yao Mei 2. Hata Mfungo wa Mitume umo, ambao huanza Jumatatu ya pili baada ya Pentekoste na kuishia mkesha wa Petro na Paulo. Kwa makanisa yao yanayoadhimisha mitume hao Juni 29 ya kalenda ya kawaida, mfungo huo 2027 unabaki siku 1 tu, Juni 28. Kalenda nyingi zinauruka kabisa.

Vikumbusho vinafanya kazi, ila vimewekwa vibaya. Kile cha Majivu hulia asubuhi ya Jumatano yenyewe. Asubuhi hiyo kinamfaa nani? Matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita yanatakiwa yawe yameshakusanywa, yamechomwa, na majivu yamechekechwa hadi yawe laini. Nenda kwenye mipangilio ukivute nyuma juma zima. Huko huko chagua pia kama kwenu Kupaa ni Alhamisi au Jumapili, na Mwili na Damu ya Kristo vilevile, kwa sababu programu haiwezi kujua maaskofu wenu wameamua nini.

Kasoro kubwa ni sikukuu zenye tarehe maalumu zinapogongana na Juma Kuu. Kupashwa Habari Bikira Maria ni Machi 25. Mwaka 2027 siku hiyo ni Alhamisi Kuu, na programu imeziandika zote mbili pamoja, nyeupe juu ya nyeupe, kama vile Misa zote mbili zingeadhimishwa. Haiwezekani. Juma Kuu halipishi sherehe nyingine, wala Oktava ya Pasaka (siku nane kuanzia Pasaka yenyewe) haipishi, kwa hiyo Kupashwa Habari inahamia Jumatatu ya Aprili 5. Nikafungua 2024, ilipoangukia Jumatatu ya Juma Kuu na kuhamishiwa Aprili 8: kosa lile lile. Kwa mtu anayepanga ratiba ya Misa na wasomaji, hili si dogo hata kidogo.

Kwa katekista, kiongozi wa kwaya au familia inayotaka kujua mfungo unaanza lini, ipakueni bila wasiwasi. Msakristia mwenzangu, itumie, lakini mwezi Machi na Aprili iweke karibu na kalenda iliyochapwa na jimbo. Naipa nyota 4. Ya 5 nitaiongeza watakaposahihisha hiyo Machi 25, na nimeshawaandikia.