Kisima kirefu au kijito kilichofufuliwa?

Mfereji ukikauka wiki nzima, mwenye ploti Nairobi huwaza kisima kirefu. Faida yake ni moja kubwa: maji huja upesi, na ni yako. Lakini majirani wote wanavuta kwenye mwamba uleule, maji yanazidi kushuka chini, na bili ya stima ya pampu hailali. Tena visima vingi vya hapa vina floridi nyingi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia.

Kufufua kijito ni kazi ya polepole. Tazama kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, chanzo cha Mto Nairobi: hushika maji ya mvua kama sifongo, kisha huyaachia kidogo kidogo. Ng'oa mikaratusi ukingoni, panda mianzi na mikuyu, punguza pampu za wenye mashamba (hapo ndipo ugomvi huanzia). Mvua itazama ardhini badala ya kukimbilia mitaroni. Mjini, hata hivyo, maji ya kijito hayanyweki maadamu majitaka yanamwagwa humo.

Pesa za umma ningeziweka kwenye kijito. Visima vibaki vya hospitali na shule.