Tripodi ya Manfrotto 055: miguu ile ile, kichwa kwa kazi yake

Wanunuzi wengi wa tripodi, yaani miguu mitatu ya kamera, hutazama bei na urefu, kisha hutumia kichwa chochote (sehemu ya juu inayoshika kamera) kilichokuja nayo. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Kazi ya miguu ni kusimama imara tu. Kichwa ndicho kinachoamua kama utalenga unachokitaka na kukiacha pale pale. Ndiyo maana tunaipenda Manfrotto MT055XPRO3 ya aluminiamu: huuzwa pia bila kichwa, na skrubu yake ya juu ni ya inchi 3/8, kipimo ambacho vichwa vingi vya kazi nzito hukipokea.

Ina uzito wa kilo 2.5, hubeba kilo 9, na ikikunjwa ina sm 61. Hufika sm 170 nguzo ya kati (bomba linalopanda katikati ya miguu) ikiinuliwa, na sm 140 ikiwa chini. Urefu wa kuupigia hesabu ni huo wa 140. Ongeza kichwa cha sm 12, na sm 9 hivi kutoka kitako cha kamera hadi kitundu cha kuchungulia: jicho liko kwenye sm 161, na mtu wa sm 172 anapiga picha bila kuinama. Ukiinua nguzo, kamera yote inasimama juu ya bomba moja jembamba, na upepo wa pwani unatosha kuivuruga picha inayochukua sekunde moja kupigwa. Hizo kilo 9 nazo zisome kwa tahadhari: jumlisha kamera, lenzi, kichwa, maiki na taa, na jumla isizidi nusu yake.

Kwa mandhari na safari za kawaida, weka kichwa cha tufe kama Manfrotto 496. Ni chepesi, na kwa kitasa kimoja unageuza kamera upande wowote. Udhaifu wake ni kwamba ukikaza, lenzi ndefu hushuka kidogo na fremu inahama. Funga tripodi kwenye pete ya kufungia iliyo kwenye lenzi badala ya kitako cha kamera, ongeza msuguano kabla ya kulenga, kisha lenga juu kidogo ya unapotaka.

Kwa bidhaa, chakula na majengo, kichwa cha tufe kinachosha, kwani ukirekebisha mlalo, wima nao unaharibika. Hapa kichwa cha gia, Manfrotto 410, hakina mpinzani kwa bei yake. Kila mhimili una kirungu chake, unasogeza nyuzi chache na hakuna kinachoanguka. Kina kilo 1.22 na hubeba kilo 5. Kwa sahani iliyopigwa kutoka juu, nguzo ya 055 hulala kwa nyuzi 90. Ilaze sambamba na mguu mmoja, uning'inize mfuko wa mchanga upande wa pili, la sivyo tripodi itapinduka na kamera.

Video ya harusi au mahojiano inataka kichwa chenye mafuta ndani, yanayolainisha mwendo. Manfrotto MVH500AH inatosha kwa kamera ndogo: hubeba kilo 5, na springi yake ya kusawazisha uzito imepangwa kwa kilo 2.4, kwa hiyo kamera nyepesi sana itajivuta kurudi juu. Kitako chake ni bapa. Usiposawazisha miguu kwa pimamaji, utaanza na upeo ulionyooka na kumaliza na uliopinda.

Kwa ndege wanaoruka na lenzi za mm 500, chukua kichwa cha gimbali, kinachobeba lenzi nzito kwa mizani ili igeuke kwa urahisi, mfano Wimberley WH-200. Legeza mihimili yote miwili ukiwa umeshika lenzi, sogeza bamba la kufungia lenzi mbele au nyuma hadi lenzi itulie mlalo, kisha pandisha au shusha jukwaa hadi itulie kwa pembe yoyote. Kinatumia bamba la mfumo uitwao Arca-Swiss, la mm 38, na mabamba ya kawaida ya Manfrotto hayaingii. Chagua mfumo mmoja mapema. Lakini ndani ya gari la safari Serengeti, ambako hairuhusiwi kushuka ovyo, tripodi haina pa kusimama. Mfuko uliojazwa maharage na kuwekwa juu ya dirisha unashinda vyote hivyo.

Kasoro kubwa ya 055 ni uzito. Anayepanda Mlima Meru atafute toleo la kaboni, MT055CXPRO3, lenye kilo 2. Ufukweni, fungua kwanza vipande vya chini kabisa ili vifungio vikae juu ya maji, shindilia miguu mchangani hadi igome, ndipo ulenge. Baadaye suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uikaushe ikiwa wazi. Chumvi hula skrubu, na mchanga ukiingia kwenye klipu, yaani vile vifungio, mguu unateleza.

Ukinunua ya mtumba, fungua miguu yote na uikandamize kwa uzito wa mikono. Mguu ukishuka, kaza skrubu ya klipu robo mzunguko na ujaribu tena. Kisha funga kamera yenye lenzi ndefu, kuza picha kwenye skrini hadi mwisho, gonga mguu mmoja kwa kidole. Mtikisiko ukidumu zaidi ya sekunde mbili tatu hata nguzo ikiwa chini, chunguza kiungo cha kichwa na miguu. Kikiwa kimekazwa na bado inatikisika, mrudishie muuzaji.