Uzoefu Wangu: Matembezi ya Kihistoria Katikati ya Dar es Salaam

Nilijiunga na matembezi ya miguu yanayoanzia Boma la Kale na kuishia Viwanja vya Karimjee, na niliyachagua hasa kwa ajili ya kituo hicho cha mwisho. Huduma yenyewe haina lawama kubwa. Kikundi kilikuwa kidogo, mwongozaji alizungumza Kiswahili fasaha, na pale Boma, lililojengwa wakati wa Sultani Majid katika miaka ya 1860, alitusogeza hadi ukutani ili tuyaone mawe ya matumbawe na boriti za mikoko kwa karibu.

Kasoro ilijitokeza Karimjee. Tuliambiwa kwamba ukumbi ulitolewa na tajiri wa Kihindi, kisha tukaelekezwa mahali pazuri pa kupigia picha, basi. Watu wengi wa mjini hulijua jina hilo kwa sababu ya shughuli za kuaga miili ya watu mashuhuri, na mwongozaji naye hakuvuka hapo. Ilhali Abdulkarim Karimjee, aliyetoka katika ukoo wa Mabohora (Waislamu wa Kishia wenye asili ya India) uliofanya biashara Zanzibar tangu karne ya 19 na baadaye kuingia katika mashamba ya mkonge, alikuwa meya wa Dar es Salaam, mji uliopata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na tangu 1956 akawa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Alikuwa kwenye kiti hicho Nyerere na wenzake wa TANU walipoingia barazani kwa uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Alikuwa bado Spika uhuru ulipopatikana Desemba 1961, na mwishoni mwa 1962 nafasi hiyo ikachukuliwa na Adam Sapi Mkwawa.

Nilimuuliza mwongozaji meya mfanyabiashara alikuwa na mamlaka gani hasa katika enzi ambayo neno la mwisho lilikuwa la Gavana, akanijibu kwamba Karimjee alikuwa mtu mwenye moyo wa kutoa. Sikatai, ila ukarimu hauelezi siasa. Hata Sheikh Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa jiji hili, hakutajwa, na bila yeye msikilizaji hawezi kupima jinsi uongozi wa mji ulivyobadilika katika muda mfupi.

Ninayapa matembezi haya nyota nne kati ya tano. Atakayekwenda aombe yaanzie Karimjee, kwa kuwa tulipofika huko jua lilikuwa limeshakuwa kali na mwongozaji alikuwa na haraka ya kumaliza. Malipo hufanywa kwa simu, na maji ya kunywa ni vyema kujibebea.