Antena za redio ya mkononi: ipi ununue kwanza

Antena ya mpira inayokuja kwenye boksi la redio ya mkononi ya kuzungumzia (radio call) ina sentimita 15 hadi 20 hivi. Robo wimbi, yaani urefu ambao antena ya namna hiyo ingepaswa kuwa nao, kwa megahezi 145 ni sentimita 49. Hapo ndipo umbali unapopotelea. Kuongeza wati kutoka 5 hadi 10 hakusaidii sana, kwa sababu kinachoamua zaidi ni kimo: antena ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, upeo wake kwenye tambarare ni kilomita 5 hivi. Ikiwa mita 9, ni zaidi ya 12.

Kabla ya kulipa, angalia pale antena inapofungwa kwenye redio yako. Redio ya Baofeng UV-5R ina sindano upande wa redio, kwa hiyo inataka antena yenye tundu. Yaesu FT-60 ni kinyume chake. Wengi hurudisha mzigo dukani kwa kosa hili.

1. Antena ya sumaku ya gari
Kwa mwenye nyumba ya mabati, hii ndiyo ya kwanza hata kama hana gari. Bati la chuma huishika sumaku na papo hapo huwa uwanda wa ardhi, yaani bamba la chuma chini ya antena, ambao antena hiyo inauhitaji. Bati la alumini halishiki. Ukiwa ndani, bati hilohilo linakuzibia mawimbi. Antena ikiwa juu yake, linakufanyia kazi.

Ubovu huwa kwenye kebo. Mita 5 za RG-174, ile nyembamba kama waya wa chaja, hula karibu theluthi ya nguvu kwenye megahezi 145 na karibu nusu kwenye 435. Tafuta yenye RG-58, kebo nene zaidi, ambayo kwenye 145 hula kama moja ya tano. Plagi yake mara nyingi ni PL-259, ile kubwa ya kuzungusha, isiyoingia moja kwa moja kwenye redio ya mkononi. Usiiunganishe kwa adapta ngumu, maana uzito wa kebo utang'oa tundu la redio kwenye saketi. Nunua kipande cha kebo laini cha sentimita 20 hadi 30 chenye ncha mbili tofauti: moja ya kupokea PL-259, nyingine ya kufunga kwenye redio yako. Mvua ya radi ikinyemelea, chomoa.

2. Slim Jim ya kukunja
Ni waya bapa wa urefu wa mita 1.5 hivi. Unaukunja mfukoni, ukifika unaufunga kamba na kuurusha juu ya tawi la mwembe. Haihitaji uwanda wa ardhi. Iweke mbali na mabati, nondo na nguzo ya chuma, walau mita moja, la sivyo mlingano wake na redio unaharibika. Kwa anayeishi ghorofani au anayepiga kambi, hii inaipita ya sumaku.

3. Fimbo ndefu inayopinda
Mfano ni Nagoya NA-771, sentimita 39 hivi. Ndiyo ya kutembea nayo. Feki zimejaa, kwa hiyo mwombe fundi mwenye NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, akupimie: SWR, kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio, ikiwa chini ya 2 inatosha.

Iongezee mkia, karibu bure. Kata waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5, urefu wa sentimita 49, umenye ncha moja, uizungushe kwenye ukingo wa nje wa tundu la redio kisha ufunge antena juu yake. Waya huo ukigusa sindano ya kati umepiga shoti. Mkia uning'inie chini.

Shika redio wima, mbali na mwili. Ikiwa kiunoni, mwili hunyonya mawimbi. Ukiilaza, unapoteza mawasiliano na walioweka antena wima.

4. Ya kuvuta
Inasikia vizuri ukiwa umesimama kilimani, lakini ni ndefu na ngumu: ikigonga tawi mara moja, tundu linalegea.

Zile fupi za kidole gumba acha. Zinapendeza, na ni mbovu kuliko ile ya boksi.

Mjini, karibu na minara ya FM, redio ya bei chee inaweza kuziba masikio baada ya kuwekewa antena nzuri: kituo ulichokuwa ukikisikia kinafifia. Antena haina kosa, kipokeaji kimelemewa. Rudisha ya mpira ukiwa hapo.