Usiku mmoja Dar na watoto: Kisutu au Kipawa?
Kama asubuhi mnavuka kwenda Zanzibar, hoteli za Kisutu, katikati ya jiji, zinazishinda za Kipawa, jirani na uwanja wa ndege: hadi bandarini ni mwendo mfupi wa bajaji, ilhali Barabara ya Nyerere, ya kutokea Kipawa, hujaa foleni mapema. Ndege ya alfajiri? Hapo Kipawa, bila ubishi.

Kabla ya kulipa, uliza "chumba cha familia" maana yake nini. Mara nyingi ni kitanda cha futi sita na godoro la ziada linalotozwa pembeni. Afadhali vyumba viwili vyenye mlango wa kati. Kagua chandarua, na jenereta kama inawasha AC au taa tu. Chumba cha mbele kikatae, honi haziishi. Boti ya kwanza hung'oa nanga saa moja, jikoni ndiyo kwanza panawashwa moto; waombeni vitafunwa vya kufungasha tangu usiku.