Keravani ya kuvuta taratibu Marekani: ipi ununue, ipi umwachie muuzaji

Hii ni kwa ndugu zangu mlioko Marekani ambao mmechoka na moteli na mnataka kuvuta kanyumba kenu nyuma ya gari. Naandika nikiwa na safari ya aina moja tu kichwani, ile ya polepole. Kukimbiza maili 600 kwa siku sio habari yangu leo. Naongelea Blue Ridge Parkway, maili 469 za milima toka Virginia mpaka Cherokee kule North Carolina, spidi mwisho 45 na malori hayaruhusiwi, au Natchez Trace, maili 444 kati ya Nashville na Natchez, Mississippi, spidi 50. Kwenye barabara za hivi hesabu ya nini ununue inabadilika kabisa, maana muuzaji atakuonyesha sofa, tivii na meko ya umeme ya ukutani wakati wewe unachohitaji ni kitu kifupi, chepesi, chenye betri nzuri na tenki la maji la maana. Kempingi za hifadhi pale Blue Ridge hazina umeme wa kuchomeka kabisa, kwa hiyo hiyo meko ya ukutani itabaki pambo.

Ila kabla ya trela, gari yako kwanza. Watu wanakwama hapa. Muuzaji anakuuliza gari yako inavuta kiasi gani, unasema pauni 5,000, anakwambia basi hii ya 4,500 inakufaa, mkono kwa mkono, saini hapa. Ngoja. Fungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna kistika cha matairi kinachosema watu na mizigo kwa pamoja visizidi pauni kadhaa, tuseme 1,300. Sasa trela ya pauni 4,500 ikishajaa inatakiwa ilaze asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake kwenye ndoano ya gari, ikipungua hapo trela inaanza kuyumba nyuma yako na hilo sio jambo la kuombea, basi chukua asilimia 13, ni kama 585. Baba, mama na watoto watatu 600. Ndoano na vyuma vyake 80. Jumla 1,265, umebakiwa na pauni 35, yaani katoni mbili za maji ya chupa umeshapita kiwango na hata sufuria ya ugali hujapakia! Na hiyo 4,500 uisome kwenye kibandiko cha trela yenyewe, uzito wa juu ulioruhusiwa, maana ule "uzito mkavu" wanaotangaza hauna maji wala vyombo. Galoni 30 za maji peke yake ni kama pauni 250.

Haya, twende kwenye orodha.

Namba moja kwangu ni zile ndogo za faibaglasi, futi 13 mpaka 17, kama Scamp za Minnesota na Casita za Texas. Ganda lake linafinyangwa vipande viwili kama yai halafu vinaunganishwa katikati, kwa hiyo mishono ni michache na maji hayana pa kupenyea kirahisi, na adui mkubwa wa keravani yoyote ni maji jamani, sio maili. Ile ya futi 13 tupu iko chini ya pauni 2,000, gari nyingi za familia zinaivuta bila kulalamika. Unaingia nayo kwenye kila kakempingi na ukikosea njia unageuza. Ubaya wake? Bei za mtumba hazishuki, watu wanazing'ang'ania, na bafu likiwepo unaoga huku goti liko mlangoni. Kwa watu wawili, au wawili na mtoto mmoja, sioni ya kuishinda.

Namba mbili ni ya kawaida ya futi 16 mpaka 20 yenye vitanda vya dabodeka. Wenye watoto watatu wanne hawana ujanja, ni hii. Lakini hizi ndo zinaoza. Ukienda kuangalia ya mtumba nenda mchana, usikimbilie kitanda wala friji, anza na pua, harufu ya unyevu ukifungua mlango inakwambia ukweli kuliko mwenye nayo. Halafu bonyeza kwa dole gumba kila kona ya dari, chini ya madirisha, nyuma ya kabati, chini ya sinki, ukuta ukibonyea au kuwa laini ondoka, usianze hata kujadili bei. Ukuta wa nje ukiwa na uvimbe uvimbe kama rangi inayobabuka, ondoka pia. Na angalia matairi, sio kashata tu, kuna tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi la trela likifika miaka sita libadilishwe hata kama linang'aa. Bei ya seti nzima ikate kwenye maongezi.

Namba tatu, ya kukunjuka yenye turubai. Bei nafuu, nyepesi, iko chini hivyo upepo hauisumbui. Kila ukihama unakunja na kukunjua, na mvua ikikukuta unafunga turubai bichi, lakini kwa safari ya polepole mnaolala sehemu moja siku tatu haina shida sana. Shida ni dubu, kuna kempingi kama Fishing Bridge kwenye hifadhi ya Yellowstone hawapokei turubai kabisa, lazima ukuta mgumu.

Namba nne, katrela kenye umbo la tone la maji, kitanda ndani, jiko nyuma ukifungua buti. Katamu kwa wapenzi wawili. Pilau unapika umesimama nje, mvua ikinyesha mnakula biskuti.

Ya mwisho kwa safari hii ni lile la futi 28 na kuendelea. Natchez Trace wanaruhusu futi 55 gari na trela pamoja, kwa hiyo utapita, lakini maegesho ya kempingi za zamani yalipimwa wakati trela zilikuwa fupi, na sehemu za kusimama kutazama milima utazipita tu ukizipungia mkono. Hayo ni ya kuegesha mwezi mzima sehemu moja. Trela ya Airstream, ile ya bati la kung'aa, siipi namba, ni nzuri sana, lakini mkwanja wake unanunua faibaglasi na mafuta ya miaka.

Aina yoyote utakayochagua, weka breki za umeme na kile kiboksi cha kuzirekebisha kwenye dashibodi, majimbo mengi yanalazimisha trela ikifika pauni 3,000, na ukishuka milima ile teremsha gia badala ya kukanyaga breki mpaka zinuke. Watoto wakae garini, majimbo mengi hayaruhusu mtu ndani ya trela ikitembea.

Kama bado una wasiwasi kodi kwanza kwa watu binafsi kupitia tovuti za Outdoorsy au RVshare, wikendi mbili zitakwambia kama mkeo anaweza kuishi na lile bafu. Kununua nunua Oktoba au Novemba, wauzaji hawataki kulaza mzigo msimu wa baridi na bei inalegea. Safari yenyewe ianze na Natchez Trace wakati wa masika, ina kempingi tatu za bure, Rocky Springs, Jeff Busby na Meriwether Lewis, anayewahi ndo anapata. Blue Ridge huwa wanafunga vipande vyake barafu ikishika, na kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu sehemu kubwa upande wa North Carolina, kwa hiyo tazama tovuti ya hifadhi asubuhi ile ile kabla hujafunga ndoano.